Sura ya 6: Kuishi Kando ya Gofu

Neno gofu tunalo mara mbili. La kwanza ni letu tangu zamani: gofu ni jengo lililobaki kuta, paa limekwenda na wenyewe wamekwenda, na ukitaka kuliona nenda Gede au Kilwa Kisiwani. La pili limekuja na Waingereza pamoja na fimbo zao na soksi zao ndefu: gofu, mchezo wa kukifuata kipira kidogo nyasini mpaka kitumbukie shimoni. Mzee wa Kilwa ukimweleza kwamba Marekani kuna watu wanauza nyumba walimolelea watoto, wanavuka majimbo sita, kisha wanatoa pesa nyingi ili wakaishi kando ya gofu, atakuangalia kwa huruma. Nami, kwa muda niliofuatilia habari za miji ya wastaafu, nimeona kwamba huruma hiyo wapo wanaoistahili na wapo wasioistahili. Inategemea wametia saini karatasi gani.

Sura hii ni ya karatasi hizo. Umeshahama, au unakaribia kuhama. Sanduku bado hazijafunguliwa zote, na juu ya meza ya jikoni pana bahasha nzuri yenye picha ya machweo: karibu klabuni, chagua uanachama unaokufaa.

Miji hii ina tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 1 Januari 1960 mkandarasi Del Webb alifungua Sun City nje ya Phoenix, Arizona, mahali palipokuwa mashamba ya pamba. Kamari yake ilikuwa kwamba hakuanza na nyumba. Alijenga kwanza maduka, kituo cha burudani na kiwanja cha gofu, akasimamisha nyumba tano tu za mfano, akafungua milango. Walitarajiwa watu 10,000 hivi. Katika siku tatu za mwanzo wakaja kama 100,000. Mwaka 1962 jarida la Time lilimweka Webb kwenye jalada. Alichouza si paa wala kuta. Aliwauzia watu waliozoea kuamka saa kumi na moja kwenda kazini jibu la swali linaloogopesha wastaafu wote wa dunia: kesho asubuhi nitakwenda wapi?

Kwa hiyo gofu katika miji hii ilikuwa tangazo kabla haijawa mchezo. Lishike hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini wengi walionunua nyumba zinazotazama kiwanja hawajawahi kushika fimbo. Walinunua nyasi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 inaruhusu mitaa ya aina hii kujiwekea umri, mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Na miaka 55 ni ujana bado. Mtu wa umri huo akisimama barazani akaona wenzake wanapita na vigari, kofia nyeupe, kicheko, hapigi hesabu. Anajiona yumo.

Twende Florida ya kati, kaskazini-magharibi ya Orlando, ambako hesabu hiyo imefichwa kwa ustadi kuliko kwingineko. Harold Schwartz alikuwa na eneo la nyumba za kuhamishika lililoitwa Orange Blossom Gardens. Biashara ilisuasua, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameuza kama nyumba 400 tu. Dada yake aliishi katika mji wa Webb, basi mfano alikuwa nao ndani ya ukoo. Mwaka 1983 akamleta mwanawe, Gary Morse, na wakaanza kujenga burudani kwanza, na gofu ya wakazi isiyotozwa kwa kila raundi, gofu ya bure kama walivyoitangaza. Jina likabadilishwa likawa The Villages mwaka 1992. Sensa ya 2020 ilihesabu pale wakazi 79,077. Viwanja vya gofu ni zaidi ya 50. Mwaka 2005 walipanga msafara wa vigari 3,321 wakaingia katika kitabu cha Guinness, na hata leo mtu huenda dukani, kanisani na kwa daktari kwa kigari, akipita njia zake maalumu. Sheria ya Florida inasema kigari cha gofu kisiwe na uwezo wa kuzidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Wapo wanaoviongeza mwendo. Wazee ni watu.

Sasa hilo neno bure. Viwanja vingi vya pale ni vifupi, mashimo 9, mengi yake ya mikwaju mitatu. Mkazi akicheza huko halipi kitu getini kwa sababu ameshalipa: kila nyumba hutoa ada ya huduma kila mwezi, karibu dola 200, acheze asicheze, na humo ndimo mna mabwawa ya kuogelea, kumbi na nyasi. Akitembea kwa miguu, hesabu imeishia hapo. Akitaka kuingia kiwanjani na kigari chake mwenyewe, kuna ada ya njia. Akichoka na mashimo mafupi akataka viwanja vikubwa vya mashimo 18, hivyo hulipiwa kila raundi. Na kuna uanachama wa ziada, wa kulipia kwa mwaka, unaopunguza bei ya raundi hizo. Hapo ndipo mgeni anapokwama. Majirani watatu watampa majibu matatu, kila mmoja kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kulipa.

Jibu langu ni fupi, nalitoa mapema: mwaka wa kwanza usinunue. Lipa raundi kwa raundi, andika kila raundi katika daftari, na mwaka ukiisha ulisome daftari kama unavyosoma barua ya mtu mwingine. Klabu nyingine zitakushika mkono zikikuambia punguzo la mkazi mpya ni la siku chache tu. Waache. Punguzo lina tabia ya kurudi.

Kwa nini mwaka mzima? Tupige hesabu kwa namba za kubuni, wewe utaweka za kwako. Tuseme uanachama ni dola 4,200 kwa mwaka, na asiye mwanachama hulipa dola 60 kwa raundi, kigari kikiwemo. Karani wa mauzo atagawanya mbele yako: 4,200 kwa 60, raundi 70. Si nyingi, raundi moja na kitu kwa wiki, na wewe umeshajiahidi tatu. Lakini mwulize mwanachama naye hulipa nini akifika. Mara nyingi kigari hakimo. Kama kigari ni dola 20, basi kila raundi uanachama unakuokolea dola 40 tu, wala si 60. Gawanya tena: raundi 105. Swali hilo moja limeongeza raundi 35, na hatujagusa kiwango cha chini cha chakula ambacho klabu nyingi hutaka mwanachama alipie kila robo mwaka, ale asile, wala ada ya kuhifadhi begi, wala michango ya dharura pale mabomba ya umwagiliaji yanapochakaa.

Raundi 105 ni mbili kwa wiki, kila wiki, mwaka mzima. Sasa ulete mwaka wenyewe. Arizona kiangazi si kipindi cha gofu kwa mtu wa miaka 68. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au kuzidi. Wanaocheza huanza jua likichungulia na kumaliza kabla ya chai ya saa nne. Wengi hawachezi: hao wanaoitwa ndege wa theluji, wenye nyumba nyingine Minnesota au Kanada, huondoka Mei na kurudi Oktoba. Nao wakirudi wanakuta jambo ambalo bahasha ya machweo haikulitaja. Kila vuli viwanja vya jangwani hufungwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu nyasi za kiangazi hulala baridi ikija na lazima mbegu za nyasi za majira ya baridi zipandwe juu yake, zimwagiliwe mpaka ziote. Msimu wako unabaki miezi saba, tuseme wiki 30. Raundi 105 ndani ya wiki 30 ni tatu na nusu kwa wiki. Mjukuu akizaliwa Chicago mwezi wa Februari, nne. Na hapo mgongo haujasema neno.

Mimi sina ugomvi na gofu. Watafiti wa Karolinska huko Sweden walifuata wachezaji 300,000 wa nchi hiyo, wakakuta kiwango chao cha vifo kiko chini kwa asilimia 40 kikilinganishwa na watu wa umri na jinsia yao wenye hali sawa ya maisha. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba ni gofu iliyowaponya. Mwenye nguvu za kutembea kilomita saba ndiye anayekwenda kuzitembea. Hata hivyo kutembea ni kutembea. Ninachouliza ni kama mwili wako unahitaji mkataba ili utembee, na kama klabu inayokupakia garini mashimo yote 18 ndiyo hiyo iliyopimwa Sweden.

Tuje kwenye karatasi zenye uzito zaidi, maana ada ya mwaka, hata ikiwa mbaya, huisha na mwaka wake.

Kuna mitaa, hasa kusini-magharibi ya Florida, pande za Naples na Bonita Springs, ambako gofu imefungwa ndani ya hati ya nyumba. Ukinunua nyumba umenunua uanachama, huwezi kuvitenga. Kwa mchezaji wa kweli ni nafuu, kwa kuwa gharama imegawanywa kwa kila mlango, pamoja na milango ya wasiocheza. Kwa asiyecheza ni kodi. Halafu kuna klabu ambazo uanachama wake ni hisa: unaingia kwa mkupuo mkubwa, unakuwa mmoja wa wenye mali, unapiga kura, na ukuta ukianguka ni ukuta wako. Na kuna zile ambazo kila anayenunua nyumba analazimika kujiunga. Baada ya mwaka 2008, bei za nyumba zilipoporomoka, kaunti ya Palm Beach ilionyesha maana ya sharti hilo. Zilitangazwa nyumba nzuri, vyumba viwili au vitatu, zinatazama maji, kwa bei ya kutupa, na bado hazikupata mtu. Anayenunua alikuwa anajua kwamba nyuma ya bei hiyo ndogo umekaa mkupuo wa klabu na ada za kila mwaka, navyo havikuporomoka na soko. Warithi walijikuta wanailipia klabu ambayo baba yao ndiye aliyeipenda.

Hatari iliyo tamu kuliko zote inaitwa amana inayorudishwa. Unaambiwa: toa dola 50,000 za kuingia, ukitoka utarudishiwa. Sikio la mstaafu likisikia kurudishiwa linasikia benki. Soma kifungu cha kutoka. Mara nyingi kinasema utarudishiwa mtu mwingine akiingia. Na mara nyingi si mmoja kwa mmoja. Waingie wanne ndipo atoke mmoja na pesa zake. Wakati klabu inajaa, foleni hiyo huisikii. Siku vijana wa miaka 55 wanapopenda pickleball kuliko gofu, na mchezo huo wa ubao na kipira cha plastiki umevamia miji hii kwelikweli, foleni inakuwa ndefu kuliko umri wa walio ndani yake. Zaidi ya hapo, vipo vifungu vinavyotaka uendelee kulipa ada za mwaka ukiwa foleni, huku huchezi. Watu wa klabu moja ya mji wa Jupiter, Florida, walifika mahakamani kwa jambo hilo baada ya klabu kubadilisha mmiliki. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho akaamuru warudishiwe zaidi ya dola milioni 5. Walishinda, lakini walikuwa wamehamia Florida kupumzika, si kwenda mahakamani.

Na lile gofu lingine, la Kilwa? Lipo. Tangu mwaka 2006 na kwa zaidi ya muongo mmoja, viwanja vya gofu vilivyofungwa Marekani vilizidi vilivyofunguliwa. Mtaa wa Ahwatukee, Phoenix, ulikuwa na kiwanja kifupi cha mashimo 18 chenye maziwa, na nyumba zimekizunguka. Watu walinunua nyumba hizo kwa ajili ya mandhari hayo. Mwaka 2013 kikafungwa. Maji yakakauka, nyasi zikafa, uzio ukasimama. Wakazi wakashitaki wakiegemea masharti ya ardhi yaliyosema pale patakuwa kiwanja cha gofu, na mwaka 2018 jaji akaamuru kijengwe upya. Miaka mitano mtu anafungua pazia asubuhi anaona vumbi. Gofu imekuwa gofu, na wenye Kiswahili ndio peke yao wanaoweza kulisema hilo kwa neno moja.

Somo la kazi hapo ni dogo na lina faida. Kabla hujauliza bei ya uanachama, uliza ardhi ya kiwanja ni ya nani. Ni ya chama cha wakazi, ni ya kampuni iliyojenga mji, au ni ya mtu wa nje? Katika Sun City viwanja vya umma vya wakazi viko chini ya chombo chao wenyewe, na mikutano yake unaweza kuhudhuria na kukoroma kama wengine. Mtu wa nje anaweza kuwa mwungwana; anaweza pia kuamka siku moja akaona ardhi ile ingezaa zaidi kwa nyumba mia tatu. Omba hesabu za klabu za miaka mitatu iliyopita. Wakisita kukupa, umeshapata sehemu ya jibu.

Sasa watu. Nimeweka mwisho jambo ambalo wengine wangeanza nalo, kwa sababu pesa hupimika na wenzako hawapimiki. Kwetu klabu ilianza kama mlango wa kuchuja. Mombasa Golf Club, ya mwaka 1911, mashimo 9 yanayopigwa na upepo wa bahari, ilikuwa ya wakoloni kabla haijawa ya wenye nchi, na hadi leo klabu nyingi za Kenya humtaka mgeni aje na wa kumpendekeza na wa kumuunga mkono. Na kuna kedi: anabeba begi, anajua upepo, na anajua kunyamaza ukikosea. Katika mji wa wastaafu wa Marekani hakuna kedi na mara nyingi hakuna wa kukupendekeza; kadi ya benki inatosha. Mlango wa kuchuja uko ndani zaidi, na ni wa siku. Kuna siku ya wanaume, kuna siku ya wanawake, kuna kundi la watu wanne ambao wamecheza pamoja tangu mmoja wao alipokuwa na nywele. Uanachama unakupa ruhusa ya kuingia uwanjani. Haukupi nafasi ya nne katika kundi.

Nafasi hiyo hutafutwa kwa njia nyingine: jiandikishe peke yako, ukubali kupangwa na yeyote, uchelewe kuudhika. Viwanja vifupi ndivyo vizuri kwa kazi hiyo. Raundi ya mashimo 9 inaisha kabla ya saa mbili kupita, hakuna anayehesabu sana, na mjane wa kitongoji cha pili anacheza na fundi bomba mstaafu wa Ohio bila mtu kuuliza handikapu. The Villages wana mpango mzuri wa kugawa saa: aliyecheza sana siku za karibuni hubeba pointi nyingi, anarudi nyuma ya foleni, na asiyecheza sana anapita mbele. Wachezaji wakali hulalamika. Mimi naona ndiyo haki ya maji kisimani.

Kingine, sogea mbele. Mwaka 2011 vyama vikuu vya gofu vya Marekani vilianza kuwahimiza watu waanzie karibu na shimo, kila mtu kulingana na umbali anaoweza kupiga, badala ya kung'ang'ania mstari wa vijana. Ninalitaja kwa sababu linahusu uchaguzi wa klabu. Pita uangalie wanaume wa miaka 75 wanaanzia wapi. Klabu ambayo wote bado wanaanzia nyuma kabisa, wakitukana, ni klabu ya watu watakaokuchosha.

Limebaki swali moja, na ofisi za uanachama hazilipendi kwa kuwa linaharibu hewa. Tuseme mume ndiye mcheza gofu na jina lake ndilo lililo kwenye mkataba. Mke huenda bwawani na kwenye chakula cha Ijumaa. Mume akifa, uanachama unakwenda wapi? Klabu nyingine humwachia mwenzi aliyebaki bila kiingilio kipya. Nyingine humpa miezi michache aamue. Nyingine humweka kwenye foleni ya kutoka, naye anaendelea kupokea bili za ada za viwanja ambavyo hajawahi kuvikanyaga, pamoja na kiwango cha chini cha chakula cha watu wawili. Na ndoa ikivunjika badala ya kifo, kifungu ni kingine. Na mwenzi mpya akija, ni kingine tena. Yote hayo yameandikwa, kwa kawaida ukurasa wa kumi na kitu, chini ya kichwa kisichovutia.

Kwa hiyo siku ya kwenda ofisini nendeni wawili. Kahawa mtapewa na kuzungushwa kwa kigari mtazungushwa. Mkikaa mezani, yule asiyecheza ndiye aombe mkataba, afungue ukurasa huo, na aulize.